Kwa nini mchezo wako wa kukisia namba haukomi

Karibu kila anayeanza Python, lugha ya kuandikia programu, huandika mchezo huu: kompyuta inaficha namba kati ya 1 na 100, mchezaji anakisia, anaambiwa ndogo au kubwa, hadi aipate. Ni programu fupi, lakini kitanzi chake, yaani sehemu inayojirudia, kinaharibika kwa namna nyingi. Nikiletewa msimbo wa aina hii jambo la kwanza ninalotazama ni kila mstari umekaa wapi: kabla ya kitanzi, ndani yake, au baada yake. Makosa mengi yamejificha hapo.

Huu hapa ni mchezo mbovu:

```
import random
siri = random.randint(1, 100)
idadi = 1
jaribio = int(input("Kisia: "))
while jaribio != siri:
    if jaribio < siri:
        print("Ndogo mno")
    else:
        print("Kubwa mno")
print("Umepata!")
```

Ukikosea mara moja, skrini inajaa "Ndogo mno" au "Kubwa mno" bila kikomo. Bonyeza Ctrl na C kuusimamisha. Sharti la `while` linategemea `jaribio`, na ndani ya kitanzi hakuna mstari unaobadilisha `jaribio`. Sharti likiwa kweli mara ya kwanza, litabaki kweli daima. Dawa ni mistari miwili mwishoni mwa kitanzi, yenye nafasi nne mbele; wa kwanza unauliza tena, wa pili unahesabu makisio:

```
    jaribio = int(input("Kisia tena: "))
    idadi = idadi + 1
```

Nafasi nne hizo zihesabu kweli. Ukiweka nane, mistari hiyo inakuwa mali ya `else`. Mchezo utaonekana mzima kwa anayekisia juu ya siri, kisha utakwama kwa anayekisia chini. Mwanafunzi anasema "wakati mwingine unafanya kazi", naye yuko sahihi kabisa. Ndiyo maana ni lazima ujaribu pande zote mbili.

Hiyo `int`, inayogeuza maandishi kuwa namba, nayo usiisahau, hasa kwenye swali la pili. `input` hurudisha maandishi, na kwa Python maandishi "42" si sawa na namba 42. Alama ya `!=` (si sawa na) hailalamiki, inajibu tu kwamba havilingani. Programu inaanguka mstari wa `if` kwa ujumbe wa TypeError (kosa la aina ya data), na wengi wanaanza kuubomoa mstari ule usio na hatia. Kosa liko kwenye `input`.

Sasa weka kikomo cha makisio 7. Wengi huandika hivi:

```
while jaribio != siri or idadi < 7:
```

Kwa `or`, kitanzi kinaendelea ikiwa hata sharti moja tu ni kweli. Mchezaji akipata jibu kwenye kisio la 3, `idadi` bado iko chini ya 7, kwa hiyo anarudishwa ndani na kuambiwa "Kubwa mno" kwa jibu sahihi, kwa sababu `else` inabeba pia hali ya kulingana. Akikosa mara 7, hafukuzwi. Andika `and`: endelea maadamu hajapata na bado ana nafasi.

Thamani ya mwanzo ya `idadi` nayo ina uzito. Hapa inaanza na 1 kwa kuwa kisio la kwanza limefanyika nje ya kitanzi. Ukianza na 0, au ukiandika `<= 7`, unatoa makisio 8.

Kikomo kikishawekwa, mstari wa "Umepata!" unakuwa mwongo, kwani kitanzi sasa kina milango miwili ya kutokea. Baada ya kitanzi uliza `if jaribio == siri:`, na kwenye `else` yake mwambie mchezaji siri ilikuwa ngapi. Usipime ushindi kwa `idadi < 7`, maana aliyepata kwenye kisio la 7 atahesabiwa ameshindwa.

Kosa gumu kuliko yote kuliona ni `random.randint`, inayochagua siri, iliyowekwa ndani ya kitanzi. Siri inabadilika kila mzunguko, na programu hailalamiki hata kidogo. Kuna kipimo kizuri: kisia kwa kugawa nusu, 50, kisha 25 au 75, na kuendelea hivyo. Makisio 7 kwa njia hii yanatosha namba yoyote hadi 127. Ukishindwa kupata ndani ya 7, ama siri inahama, ama alama ya `<` umeigeuza.

Unapotafuta kosa, acha kubahatisha. Funga siri kwa `siri = 42`, halafu weka `print(idadi, jaribio, siri)` kama mstari wa kwanza ndani ya kitanzi. Jaribu 42 papo hapo, ambapo kitanzi hakipaswi kuzunguka hata mara moja. Jaribu 41, 43, 1 na 100. Kosea mara 7 mfululizo, kisha kosea 6 na upate ya 7. Majibu yakiwa sawa yote, ondoa `print` hiyo na urudishe `randint`. Usiibadilishe na `randrange(1, 100)`: `randint` inahesabu 100, `randrange` inaishia 99.