Khanga chakavu, nepi na dodoki: vitu vya kutengeneza nyumbani ili taka zipungue

Swali ninaloulizwa sana kwenye mikutano ya mitaa ni hili, "afisa, sasa sisi nyumbani tutengeneze nini ili tupunguze taka?" na mara nyingi anayeuliza tayari ana video kwenye simu, chupa za maji zimegeuzwa taa au matairi yamepakwa rangi yakawa viti, na jibu langu huwa sio analotegemea: nenda kamwage dastbini yako kwanza uone kuna nini. Sitanii. Tandika gunia nje, vaa glavu, mwaga taka za siku mbili tatu, gawa mafungu. Maganda na mabaki ya chakula ndo yatakuwa mengi, hapa Dar iko hivyo karibu kila nyumba, hayo dawa yake ni shimo la mboji wala hayahitaji cherehani, yaweke pembeni. Kinachobaki ndo kitakwambia utengeneze nini. Nyumba yenye mtoto mchanga utakuta pampasi tupu, nyumba ya watu wa kwenda gengeni kila siku utakuta vifuko laini vya nailoni, nyingine spanji za vyombo na chupa. Ukitengeneza kitu ambacho hakichukui nafasi ya kitu ulichokuwa unatupa umeongeza taka nyingine ndani, hata kama kimependeza na umekipiga picha.

Tuanze na mifuko maana watu wengi wanadhani hilo tatizo lilishaisha. Zanzibar walipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, sisi Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, na kweli rambo zilipungua mitaani mpaka ukaona tofauti kwenye mitaro. Ila ikaja ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, na mpaka leo kuna watu wanaapa kwamba ni kitambaa. Sio. Ni polipropilini, plastiki kama plastiki nyingine, imeyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi alafu nyuzi zikagandanishwa kwa joto. Kiwango kilichowekwa ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba ili mfuko udumu, lakini sokoni imejaa myepesi kuliko hapo, unabeba viazi mara moja unabaki umeshika mpini tu. Na vile vifuko vyeupe vinavyoonyesha, ambavyo vimeruhusiwa kwa kufungashia bidhaa na sio kubebea, ndo vimekuwa rambo mpya, nyanya za mia tano kifuko chake, ndimu kifuko chake, dagaa kifuko chake.

Kwa hiyo shona mfuko. Lakini hapa kuna jambo ambalo watu wa kampeni hawapendi kulisema: usiende Kariakoo kununua kitambaa kipya. Mwaka 2011 Environment Agency, ile taasisi ya serikali inayosimamia mazingira kule Uingereza, ilitoa ripoti ya kulinganisha mifuko tangu malighafi mpaka inapotupwa, ikaonekana mfuko wa pamba ni lazima utumike mara 131 ndo uwe umeipiku rambo nyepesi iliyotumika mara moja, kwa upande wa gesi zinazopasha joto dunia. Ule wa polipropilini ni mara 11. Sababu ni kwamba pamba inakula maji na mbolea shambani, inakula umeme kiwandani, inakula rangi. Sasa khanga yako iliyopauka hayo yote ilishayalipa zamani, imekutumikia miaka, hapo unachoongeza ni uzi na nguvu zako tu. Faida yote ya mfuko wa kushona nyumbani iko hapo, kitambaa ambacho tayari unacho.

Vipimo hivi hapa. Khanga moja, yaani upande mmoja wa doti, ni kama sentimita 150 kwa 110, ila pima ya kwako maana zikifuliwa sana zinarudi kidogo. Kwenye upana wa 110 kata vipande viwili vya sentimita 43, utabaki na utepe wa 24 unaokwenda urefu wote. Vile vipande viwili vikate kwenye urefu wa 100, kila kimoja ukikikunja katikati ni mfuko ambao chini hauna mshono, na hapo ndo penye uzito wote. Masalio ya 43 kwa 50 yako mawili, yaunganishe upate mfuko wa tatu, huu utakuwa na mshono chini kwa hiyo beba vitu vyepesi. Ule utepe wa 24 upasue mara tatu kila mmoja upana wa 8, kila mmoja ukate katikati, unapata mipini sita, miwili kwa kila mfuko, ikunje mara nne iwe na upana wa sentimita mbili ndo ushone. Mpini usiushikize kwa mshono mmoja, piga kiboksi alafu ndani yake piga msalaba, maana mfuko wa nyumbani hauchaniki katikati, unang'oka mpini. Pembeni kama huna mashine ya overloki kunja mshono mara mbili ili nyuzi zisitoke. Kwa mkono pia inawezekana, tumia uzi wa kushonea viatu au uzi wa kawaida umeukunja mara mbili, jioni moja unamaliza. Na suruali ya jinzi iliyochoka ni bora zaidi kwa mzigo, guu moja ni mfuko karibu mzima tayari, ziba chini tu.

Kwa nyanya na vitunguu shona vifuko vidogo vya pazia la neti, yale mapazia mepesi ya zamani, muuzaji anaona kilichomo na kwenye mzani hakiongezi kitu cha maana. Tafadhali sana hapa, USITUMIE CHANDARUA. Najua kila nyumba ina kimoja kimetoboka na kinaonekana kinafaa kabisa, lakini vyandarua vinavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu iliyotiwa kwenye nyuzi ili idumu, kufua hakuiondoi yote, sasa unaweka humo nyanya ambayo mtoto ataitafuna ikiwa mbichi. Hapana.

Pampasi sasa, na hili ndo naona linakuja kwa kasi kuliko yote. Mtoto akibadilishwa mara tano kwa siku, ndani ya miaka miwili ni pampasi 3,650, zidisha mwenyewe kwa bei ya dukani kwa mangi. Nje ni plastiki, ndani ni nyuzi za miti na unga unaonyonya maji ukageuka kama ute, haiozi kama watu wanavyodhani na ukiichoma inafuka moshi tu kwa sababu imelowa. Nyumba nyingi zinazitupa kwenye choo cha shimo, zinavimba humo, shimo linajaa kabla ya wakati na gari la kunyonya likija mpira unaziba, waulize madereva wa yale magari watakupa stori.

Nepi za kitambaa mama zetu walizitumia wote, hakuna ufundi mpya hapa. Tatizo ninaloliona kwa wamama wa sasa ni kitambaa, mtu anachukua kitenge, kitenge hakinyonyi. Chukua flana, taulo la zamani au fulana za pamba zilizolegea, jaribu kwa kudondosha maji, yakizama palepale kitambaa kinafaa, yakitembea juu juu achana nacho. Kata mraba wa 60 kwa 60, pinda pembeni, kunja pembetatu kama kawaida na katikati ongeza kipande cha taulo kilichokunjwa mara tatu, pale ndo panapolowa. Ishirini zinatosha kwa mzunguko wa kufua kila siku au kila baada ya siku moja. Juu unaweza kumvalisha kaptula ya plastiki ukitoka naye, ila isikae masaa mengi maana joto na unyevu ndo vinaleta vipele, mbadilishe kila masaa mawili matatu hata kama halii.

Kwenye kufua, kinyesi kinaenda chooni kwanza, alafu suuza kwa maji baridi, ndo uje na maji ya moto na sabuni. Jiki kidogo sana na sio kila siku, inakula nyuzi. Zile sabuni za kulainisha na kunukisha nguo usitie kabisa, zinaacha utando na nepi inaacha kunyonya, wengi wanakuja kulalamika nepi "imekufa" kumbe ni hiyo. Anika kwenye jua kali, kwenye kamba, sio kwenye majani wala ukutani, kisha PIGA PASI pande zote mbili mpaka kwenye mishono. Huku kwetu kuna inzi anataga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, mayai yakigusa ngozi funza anaingia na kumea humo kama jipu, na mtoto anavaa nepi kwenye ngozi laini kabisa. Joto la pasi linayaua.

Nisiwe muongo lakini, kama unaishi sehemu maji ni ya mgao na unanunua ndoo, nepi tupu masaa ishirini na nne ni mateso na hesabu ya pesa inaweza isikae sawa. Mi nashauri nusu kwa nusu, mchana nyumbani nepi, usiku na safarini pampasi, hata hivyo umeshapunguza sehemu kubwa ya mzigo. Mtu akikwambia lazima uache yote muulize nani anamfulia.

Kitambaa hichohicho cha flana ndo kinatoa taulo za kike za kufua, na kanuni ya jua na pasi ni ileile, kosa kubwa ni kuanikia chini ya godoro au nyuma ya nguo nyingine kwa aibu, haikauki vizuri. Kama hutaki ionekane funika kwa khanga nyepesi lakini iwe juani.

Dodoki sina mengi. Mbegu chache kwenye fensi, linapanda lenyewe, likishazaa usilivune bichi, liache likaukie huko huko mpaka liwe kahawia na jepesi na ukilitikisa mbegu zinacheza ndani. Menya, kung'uta mbegu (tunza za msimu ujao, mpe na jirani), kata vipande, chemsha, anika. Linaosha vyombo, linasugua mwili, vipande tofauti bila shaka, na likichakaa linaenda kwenye mboji, wakati spanji ya dukani inamomonyoka vipande vya plastiki vinavyokwenda na maji ya karo. Sufuria zilizoshika masizi, makumbi ya nazi na majivu, hapo hata steel wire haioni ndani.

Mwisho vyombo vya kurudia kutumia, maana hapa ndo watu wanaumia. Dumu lililokuwa na dawa ya shamba halibebi maji, halibebi mafuta ya kula, halibebi pombe ya kienyeji, hata ulisuuze mara kumi na sabuni na mchanga, dawa inaingia kwenye plastiki yenyewe. Suuza mara tatu, maji yake yarudi kwenye bomba la kupulizia, litoboe ili asiokote mtu mwingine, peleka kwa aliyekuuzia au muulize afisa kilimo. Ndoo ya rangi ni ya kuchotea mchanga au kupandia maua, sio ya kulowekea mahindi. Chupa za maji ya kunywa zitumie kwa vitu vya baridi na vikavu, usitie chai wala mafuta yaliyotoka jikoni sasa hivi, na zikishapata mikwaruzo ndani zitoe jikoni. Makopo ya glasi ya jamu na asali ndo ya kutunza, chemsha, kausha, weka viungo, pilipili, achari, chochote, ila achari usifunikie na mfuniko wa bati ulioanza kutu, siki inaula huo na kutu inadondokea ndani.