Jamani, hilo si picha la karate

Juzi nimemaliza kulionyesha darasa langu filamu ya Peking Opera Blues (Peking ni jina la zamani la Beijing), taa hata hazijawashwa, sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, mbona karate yenyewe kidogo?" Huu mwaka wa tisa nasikia swali hilohilo. Leo nalijibu kwa maandishi, pamoja na mengine ya aina hiyo, nisije nikalijibu tena kwa mdomo.

"Ni picha la karate." Kwanza, karate ni ya Wajapani. Pili, filamu hii ya mwongozaji Tsui Hark, iliyotoka Hong Kong mwaka 1986, ni kejeli ya siasa. Tupo Beijing, 1913. Mfalme wa mwisho wa Qing, ukoo uliokuwa ukitawala China, kaachia kiti Februari 1912, jamhuri ipo kwa jina, na Rais Yuan Shikai anakopa pauni milioni 25 kwa mabenki ya kigeni bila idhini ya bunge. Mkopo huo ulikuwepo kweli, na harufu yake ndiyo iliyojaa kwenye zile nyaraka zinazowindwa ndani ya filamu. Binti wa jenerali, anayetembea na suti ya kiume, anataka kumwibia baba yake mzazi nyaraka hizo. Mwanamuziki wa kike anasaka kisanduku chake cha vito. Binti wa mwenye kundi la opera, yaani ule mchezo wa jukwaani wa Kichina wa kuimba, kuigiza na sarakasi, haombi makubwa, anataka kupanda jukwaani tu, na baba hataki kusikia. Nchi inapigwa bei, kila mtu anahangaika na lake. Wewe umekaa unahesabu mateke!

Na hayo mateke yenyewe, wengi wanadhani opera imeiga sinema. Ni kinyume chake. Nyota wa filamu za ngumi Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walikulia katika shule ya opera ya mzee Yu Jim-yuen pale Hong Kong, wakipigishwa sarakasi tangu utotoni. Studio za filamu ziliwakuta wameshaiva. Hata jina la Kichina la filamu, Dao Ma Dan, ni la mhusika wa opera: mwanamke shujaa wa panga na farasi. Farasi mwenyewe humwoni. Mwigizaji anashika fimbo yenye vishada, anazunguka jukwaa, basi kasafiri. Ukilijua hilo, zile purukushani za jukwaani, watu wanajificha kwenye mchezo huku watazamaji wakishangilia, zitakuvunja mbavu.

Ushauri wangu, ambao hakuna anayeufuata: usiitazame kwanza ile iliyotafsiriwa ya kibanda umiza. Yule jamaa anasimulia ngumi vizuri sana, ila utani wote unampita.

"Steringi ni nani?" Hakuna. Wapo wanawake watatu, haohao niliowataja juu. Tuendelee.

"Wanaume wamevalishwa kike ili wachekeshe." Hapana. Enzi za Qing wanawake walipigwa marufuku kwenye majukwaa ya Beijing, kwa hiyo nafasi zao zikachezwa na wanaume, tena kwa heshima kubwa. Mei Lanfang, aliyezaliwa 1894, alijenga jina lake kwa kucheza wanawake. Mwaka 1930 alizunguka Marekani na watu walijaa kumwona. Kichekesho cha filamu kiko kwingine: mkuu wa polisi anammezea mate mwanamume aliyevaa gauni, ilhali mwanamke wa kweli kafungiwa nyuma ya pazia.

"Rangi za usoni ni urembo." Kwenye opera zina maana: nyekundu ni mtu mwaminifu, nyeupe ni mjanja mwenye hila, nyeusi ni mnyoofu asiyepindishwa. Mtazamaji wa Beijing alimjua mhusika kabla hajafungua mdomo.

"Opera ya Beijing ina maelfu ya miaka." Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 1790, makundi ya opera ya jimbo la Anhui yalipokuja mjini kwa sherehe za miaka 80 ya mfalme Qianlong.

"Ni filamu ya serikali ya China." Hii nayo! Hong Kong ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na waigizaji wanaongea Kikantoni, lugha ya Hong Kong. Mkataba wa kuirudisha kwa China ulikuwa umetiwa saini Desemba 1984. Aliyekata tiketi 1986 kucheka wakubwa wa Beijing wakiuziana nchi alikuwa na miaka 11 tu kabla Beijing hiyohiyo haijamfikia mlangoni.