"Uvimbe wa kifuani ukichomwa sindano unasambaa": tunayoambiana na ukweli wake

"Usikubali wakuchome, uvimbe ukishachokonolewa unasambaa." Maneno haya nimeyasikia sana kwenye mabenchi ya kusubiria daktari, na yananiuma, maana yanawarudisha watu nyumbani. Mtu amemwona ndugu yake akifanyiwa biopsi (kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwe), miezi miwili baadaye akazidiwa, basi lawama zote kwa sindano. Mara nyingi saratani ilikuwa imeshafika mbali kabla hajakanyaga hospitali.

Seli za saratani kufuata tundu la sindano ni jambo la nadra. Saratani ya utando wa mapafu, mesothelioma, inayowapata zaidi waliovuta vumbi la asbesto, ndiyo inayojulikana kwa tabia hiyo, na hata hiyo madaktari huchukua kinyama chake, kwani hawawezi kuchagua tiba ya kitu wasichokijua. Timoma, uvimbe wa tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ina utaratibu wake: ukiwa mdogo na umejifunga vizuri, mpasuaji anaweza kuutoa mzima bila kuuchoma kwanza.

Hatari ya kweli ya kuchoma kifua ni hewa kuvuja nje ya pafu. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa kitandani saa kadhaa na kupigwa eksirei. Uvujaji mdogo hupona wenyewe; mkubwa huwekewa mpira wa kutoa hewa.

"Ni TB tu, aanze dawa." Hapa ndipo miezi inapopotea. Limfoma, saratani ya tezi za limfu, nayo huleta homa, jasho la usiku na kukonda. Aliyeanzishiwa dawa za TB bila kipimo kuthibitisha, na hapati nafuu, aulizie kinyama. Prednisoloni, dawa ya steroidi, isianzwe kwanza bila sababu ya dharura: inaweza kuusinyaza uvimbe wa limfoma kiasi kwamba kinyama kikichukuliwa hakionyeshi kitu.

"Wamevuta maji yaliyojaa kando ya pafu, hayana saratani, nimesalimika." Maji masafi hayamalizi shauri. Mesothelioma hujificha sana kwenye maji. Kamera ikipitishwa ubavuni na utando ukanyofolewa kwa macho, hugundulika kwa zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10.

Wengine hudhani sindano zote ni moja. Nyembamba hufyonza seli zilizotawanyika. Nene hukata kipande chembamba kama tambi, chenye urefu wa sentimita moja hivi, na humo mpangilio wa seli unabaki ulivyokuwa mwilini. Limfoma inautaka huo mpangilio, na wakati mwingine hata tambi haitoshi, hutolewa tezi nzima.

Halafu chupa. Fomalini huhifadhi nyama kwa ajili ya darubini, lakini huua vimelea vya TB, kwa hiyo kipande cha kuotesha vimelea maabara huenda kwenye chupa ya maji ya chumvi. Kinyama chote kikitumbukizwa kwenye fomalini, swali la kuotesha TB limefungwa, na mgonjwa atarudi kuchomwa upya. Muulize daktari kabla ya ganzi: leo zinajazwa chupa ngapi, na kila moja inakwenda maabara gani?