Ugoro, kuberi na shisha wakati wa ujauzito: nikotini humfikiaje mtoto

Swali tulilozoea kliniki ni “Unavuta sigara?” Mama anajibu hapana, na hasemi uongo. Ugoro aliofunga kwenye pindo la kanga hauwashwi kiberiti. Unanuswa au unabwiwa chini ya mdomo. Mimi nauliza hivi: “Kuna tumbaku yoyote unayonusa, unayoweka mdomoni, unayotafuna au kuvuta? Ugoro, kuberi, tambuu, kiko, shisha?” Kisha nauliza nani mwingine nyumbani anatumia. Majibu hubadilika mara moja.

Nianze na ugoro, kwa kuwa ndio unaodharauliwa zaidi. Majani huanikwa, hutwangwa, kisha huchanganywa na magadi au majivu. Magadi hayo si ya ladha tu. Yanaongeza alikali, yaani kinyume cha asidi, na nikotini ikiwa kwenye alikali hupenya utando laini wa mdomo na pua kwa urahisi zaidi, ndiyo maana ugoro wenye magadi ya kutosha “unapanda” haraka. Wanaosema “mimi natema mate, simezi” wanajidanganya: nikotini haingoji kufika tumboni, inaingia kwenye damu palepale kwenye fizi. Tonge likikaa nusu saa, kiwango katika damu kinaweza kulingana na cha mvuta sigara, na hushuka polepole kuliko chake.

Kutoka hapo nikotini inavuka kondo la nyuma bila kuzuiwa. Damu ya mtoto inaweza kuwa na nikotini nyingi kuliko ya mama, na nyingine hukusanyika kwenye maji ya uzazi ambayo mtoto huyameza. Nikotini hubana mishipa ya damu, kwa hiyo chakula na oksijeni vinavyofika kwenye kondo hupungua. Ubongo wa mtoto nao una vipokezi vya nikotini tangu miezi mitatu ya kwanza. Vikichokozwa kabla ya wakati wake, ukuaji wa ubongo unavurugika, ikiwemo sehemu inayosimamia upumuaji. Tumbaku hubeba pia kadimiamu, metali inayojikusanya kwenye kondo na kupunguza madini ya zinki yanayopita kwenda kwa mtoto.

Kuna kitu kingine ambacho hata wahudumu hawakitaji mara nyingi. Mwili wa mjamzito huvunja nikotini kwa kasi kuliko kawaida, hivyo hamu inarudi mapema, na mama aliyezoea matonge machache anajikuta ameongeza. Usimlaumu kwa kukosa nia.

Ushahidi upo, na hautokani na sigara. Utafiti wa Mumbai uliochapishwa 2004, wa wajawazito zaidi ya 1,200, ulikuta watoto wa mama waliotumia tumbaku isiyo na moshi wamepungua wastani wa gramu 105. Kwa mtoto ambaye angezaliwa na gramu 2,550, punguzo hilo linamshusha chini ya mstari wa 2,500, ambao chini yake mtoto huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Njiti nao walikuwa wengi zaidi. Uswidi, ambako wanawake hutumia snus, tumbaku ya kuweka chini ya mdomo, tafiti zimeonyesha ongezeko la njiti, watoto wanaozaliwa wafu, na vichanga wanaokatika pumzi. Habari njema ya hukohuko ni kwamba walioacha mwanzoni mwa mimba walipunguza sana hatari hiyo.

Kuberi huuzwa kama kiburudisho cha kinywa, wengine huikoroga kwenye chai. Ni tumbaku. Tambuu ikitiwa tumbaku ina chokaa inayofanya kazi ileile ya magadi, na popoo yenyewe, kokwa inayofungwa ndani ya tambuu, husababisha saratani hata bila tumbaku.

Shisha ni jambo tofauti, kwa sababu ya mkaa. Maji hupoza moshi, hayachuji kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa huo. Gesi hiyo hung’ang’ania hemoglobini ya mtoto kwa nguvu kuliko ya mama na kuikosesha nafasi ya kubeba oksijeni. Shisha ya “mitishamba tu” ina mkaa uleule. Tanzania iliipiga marufuku 2016, Kenya na Rwanda 2017, lakini katazo halifiki sebuleni.

Kwa wasomaji wa Tabora, Urambo na Chunya: mjamzito anayevuna au kufunga majani mabichi ya tumbaku, hasa yenye umande au mvua, anaweza kupata nikotini kupitia ngozi bila kutumia tumbaku kabisa. Anapata kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na kuumwa kichwa, na kila mtu anasema ni mimba. Dalili zikija siku za shamba tu na kuisha baada ya siku moja au mbili, shuku majani. La kufanya ni kumtoa kwenye kazi hiyo. Glavu na mikono mirefu hupunguza tu, na nguo iliyolowa ivuliwe na ngozi ioshwe kwa sabuni.

Kuacha: chagua siku na utupe akiba yote. Siku 2 hadi 3 za kwanza ndizo ngumu, na wiki 2 hadi 4 zinapita na sehemu kubwa ya usumbufu. Kama ugoro ulikuwa “dawa” ya kichefuchefu, kitibu chenyewe: kula kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, milo midogo, chai ya tangawizi, na ukitapika sana nenda kliniki. Mdomo ukitaka kazi, tafuna karoti au mbegu za maboga. Usibadilishe ugoro kwa udongo wala miraa. Mwongozo wa WHO wa 2013 haupendekezi bupropioni wala vareniklini, dawa za kusaidia kuacha tumbaku, kwa mjamzito, na kuhusu plasta na bigijii za nikotini haukutoa pendekezo, kwa hiyo usinunue mwenyewe dukani.

Baada ya kujifungua wengi hurudia. Nikotini hupita kwenye maziwa, lakini usimwachishe mtoto. Ukishindwa kujizuia, nyonyesha kwanza ndipo utumie, kisha osha mikono na usukutue kabla ya kumshika, na kopo la ugoro liwe juu asipofika mtoto anayetambaa. Akiulamba, hasa akianza kutapika au kulegea, mkimbize hospitali na kopo lenyewe.