Mafuta ya pikipiki na mikopo chechefu

Mkulima wa mahindi wa Kongwa akikopa Novemba, anavuna Mei au Juni ndipo apeleke magunia sokoni Kibaigwa. Benki ikimtaka aanze marejesho Desemba, atalipa kwa fedha gani? Atauza mbuzi, kisha atakopa kwa shemeji, na ikifika Februari, ghala likiwa tupu, atazima simu. Si tapeli huyo. Amekimbizwa na ratiba.

Kwa kanuni za Benki Kuu ya Tanzania, mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu. Kuanzia hapo benki inatenga sehemu ya mapato yake kufidia hasara inayotarajiwa, na kadiri siku zinavyosogea kiasi hicho kinaongezeka. Ukomo unaokubalika ni mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote.

Tupige hesabu ya mfano. Benki inakopesha milioni 2 kwa riba ya asilimia 18, inapata 360,000 kwa mwaka. Ukitoa riba ya wenye amana, mishahara, pango na umeme, tuseme zinabaki 60,000. Mkopo mmoja wa milioni 2 ukipotea wote, faida ya mikopo mizuri 33 haitoshi kuziba pengo.

Hapa ndipo neno ufanisi linapotudanganya. Kipimo cha kawaida ni gharama za uendeshaji zikilinganishwa na mapato: zikipungua, bodi inapiga makofi. Sasa meneja anayetaka makofi hayo anakata nini? Hakati pango. Anakata mafuta ya pikipiki ya afisa mikopo. Afisa haendi tena shambani, dhamana anaikagua kwenye picha ya simu, na barua ya mwenyekiti wa kijiji inatosha. Hesabu za Desemba zinapendeza. Uchechefu unakuja baadaye, pengine meneja ameshahama. Wachumi wa Marekani Allen Berger na Robert DeYoung waliliona jambo hili mwaka 1997: katika baadhi ya benki zilizoonekana bora kwa kubana gharama, mikopo mibaya iliongezeka baada ya gharama kushuka. Waliona na kinyume chake pia, kwamba madeni mabaya hupunguza ufanisi, kwa sababu kufuatilia wadaiwa, mawakili na minada ni gharama.

Siwalaumu mameneja peke yao. Benki ya wananchi, yaani benki ndogo inayohudumia eneo moja, ina udhaifu wa kuzaliwa nao: wateja wake wanaishi chini ya wingu moja. Mvua ikikatika Januari, wanakwama pamoja. Bei ya alizeti ikianguka Singida, mkulima, mwenye kinu cha kukamua na muuza pembejeo wote wanachelewa mwezi huohuo. Benki kubwa yenye mikopo ya watumishi, inayokatwa kwenye mshahara, haiujui usingizi huo wa mang'amung'amu. Ndiyo maana mtaji, yaani fedha za wenye benki zinazobeba hasara, ni muhimu kwa benki ndogo kuliko jengo zuri. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki 5, zikiwemo za wananchi za Njombe na Meru, kwa upungufu wa mtaji. Kiwango cha chini kwa benki za wananchi kilikuwa shilingi bilioni 2.

Dawa nyingine ni rahisi kuliko tunavyodhani. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwenye shamba Hombolo anaweza kupangiwa marejesho mawili makubwa badala ya kumi na mawili madogo. Mwenye duka la Majengo alipe kila wiki, maana anauza kila siku.

Wewe mwenye amana, Bodi ya Bima ya Amana inakulinda hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifungwa. Kilichozidi hapo husubiri mali za benki ziuzwe. Na kama ni mwanahisa, kwenye mkutano mkuu usiishie kuuliza gawio. Uliza kila afisa mikopo ana wateja wangapi, na mwezi uliopita alifika kwa wangapi.