Je, wajua sikio linajuaje neno limeishia wapi?

Jibu la haraka ni kwamba kati ya neno na neno kuna kimya kidogo, kama nafasi kwenye maandishi. Si kweli. Mrekodi mtu akisema "pikipiki yao" kwa mwendo wa kawaida, kisha fungua rekodi kwenye programu inayochora mawimbi ya sauti. Mapengo ya kimya utayaona, kila moja kama milisekunde 50 hadi 100, lakini yote yamo ndani ya pikipiki, pale ulimi au midomo inapoziba hewa ili kutamka k na p. Kati ya pikipiki na yao, mchoro unapita bila kukatika. Anayekata kwa kufuata kimya ataambulia "pi", "ki", "pi" na "kiyao". Ndiyo maana lugha ngeni husikika kama inasemwa mbio: msikilizaji hana pa kukata.

Ubongo hupiga hesabu. Mwaka 1996 huko Marekani, Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 sauti ya kompyuta kwa dakika 2: maneno manne ya kubuni, kama bidaku na golabu, yameunganishwa bila kituo wala mkazo. Fikiria daladala. Abiria wanaopanda pamoja kila siku utasema ni wa nyumba moja. Waliokaa kiti kimoja siku moja moja, hapana. Bi ilifuatwa na da kila mara. Baada ya ku iliweza kuja silabi yoyote kati ya tatu, na hapo ndipo mpaka. Watoto walipopigiwa vipande vilivyovuka mpaka, walisikiliza kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe, dalili kwamba waliviona vigeni. Kama waliyachukua kuwa maneno yenye maana, hilo jaribio halisemi.

Kiswahili kinaongeza mkazo, ambao hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiusikia, ongeza silabi moja, kata. "KAka kuOna hivyo, akakimbia" ni habari za ndugu. "KakakuOna" ni mnyama mwenye magamba. Silabi ni tano zilezile, kinachotofautiana ni ka ya kwanza tu. Kanuni ina matundu, lakini: na, ni na wa huegemea neno jirani, na "lazima" wengi huitamka LAzima.

Hata hesabu huteleza. Katika Kiarabu, al ya alasiri, alfajiri na Alhamisi ni kiambishi kinachoweza kuondoka. Waswahili waliisikia imeandamana na maneno hayo mara nyingi mno, wakaipokea kama abiria wa nyumba moja.