Kuzoea joto sio kwamba sasa unahitaji maji kidogo

Kuna kitu watu wanaambiana sana, eti ukihamia sehemu ya joto mwanzoni utakunywa maji mengi lakini mwili ukishazoea mahitaji yanapungua. Jamani hapana, ni kinyume kabisa, na inaumiza watu.

Mwili ukizoea joto unajifunza kutoa jasho zaidi tena mapema, ndo maana unaanza kujisikia nafuu. Mabadiliko mengi yanatokea ndani ya siku 7 hadi 14 za kukaa kwenye joto na kujishughulisha kidogo kila siku, yaani maji ya kwenye damu yanaongezeka, moyo unaacha kwenda mbio kwa kazi ileile, jasho linapungua chumvi. Sasa hilo jasho lote linatoka wapi kama sio kwenye maji unayokunywa? Kwahiyo aliyezoea anaweza kupoteza maji mengi kuliko mgeni, na kiu peke yake huwa inachelewa kukustua, mi naona bora uangalie mkojo, ukiwa wa njano iliyokolea ongeza maji.

Na usijilazimishe kazi nzito juani siku ya kwanza eti ndo uzoee haraka, anza kidogo kidogo. Ukikaa mbali na joto wiki chache mwili unasahau, unaanza upya.

Ila mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea hovyo au akizimia kwenye joto, hapo usisubiri azoee, mpeleke kivulini, mmwagie maji na muwahishe hospitali.